Kwa Martina, Anayekwenda Kupigia Watu Wanaonyamaza

Martina, mama,

Najua utaucheka mwandiko kabla ya kusoma neno hata moja. Cheka umalize, kisha rudi hapa juu uanze. Mimi niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nusu yake nilikuwa nje ya dirisha la kanisa nasikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Lakini wapo wenye digrii zao hapa Babati ambao siku ya kuoa walikuja kwangu na heshima zote, "kaka, tunakuomba utupigie kinanda," na hakuna hata mmoja aliyeniuliza cheti. Kwa hiyo mwandiko usikutishe. Kichwani nimo.

Saa hizi uko Mutuka unamuaga bibi yako. Ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili na ubebe mahindi ambayo hukuyaomba. Kukupa jina lake lilikuwa kosa, mmekuwa wabishi wawili. Mama yako yuko chumbani anapanga begi lako, analipangua, analipanga tena. Mimi nimekaa huku nyuma ya jiko, kwenye lile gogo la kupasulia kuni, naandika juu ya paja. Nimetoka mashineni sasa hivi, unga bado umo masikioni, na mikono inatetemeka ile tetemeka yake ya kushinda kutwa nzima kwenye mashine ya kusaga. Jana na juzi nilikuwa harusini. Nimechoka, mwanangu. Nakuambia mapema ili ukikuta sentensi imelalia upande, ujue na mwenyewe alikuwa amelalia upande.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za kufunga mlango, za kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, mama yako amezimaliza. Hata zangu amezisema yeye. Mimi nimebaki na jambo moja tu, nalo ni lile la jana.

Jana asubuhi uliniletea chai umeshika kikombe kwa mikono miwili, kama unamhudumia mchungaji. Nikajua kuna kitu. Ukasema, "Baba, samahani. Jumamosi nitakapopiga kwa Mwalimu Yusta kule Arusha, naomba usije."

Nikacheka. Nikasema, "Nisije? Sasa nani atakushangilia?"

Ukasema, "Ndiyo maana, baba."

Mama yako akainua uso kutoka kwenye sufuria, akaniangalia, akasema, "Baba Martina, kunywa chai." Nikanywa. Ilikuwa ya moto sana, ikaniunguza ulimi, na nadhani Mungu alipanga hivyo, maana nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya kijinga.

Basi hii barua ndiyo jibu langu. Kwa mdomo ningeanza utani, wewe ungecheka kwa adabu, tungeachana hivyo hivyo stendi. Nitakupa kesho ukishakaa kwenye kiti chako. Usisome mbele yangu.

Nianze na sifa zangu, uvumilie.

Uzoefu wa kupiga mbele za watu, huo nilikupa mimi. Mtu asije akakudanganya huko Arusha kwamba umetoka porini na hujawahi kuonekana. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, unalala juu ya spika harusini na muziki unapiga. Ulipofika darasa la nne ulikuwa unanishikia nafasi nikienda kula. Watu wanageuka, "Nani anapiga?" Gidion, emsii wetu, anasema kwenye maiki, "Mtoto wa fundi!" na ukumbi unalipuka. Umepiga harusi, sendoff, kipaimara, misiba, uzinduzi wa kwaya. Umepiga chini ya turubai mvua inanyesha mpaka maji yanapita katikati ya viti na bibi harusi amevua viatu. Nani Arusha amepiga hivyo? Wamlete.

Na nilikufundisha sheria moja, ile niliyoipata kwa aibu. Wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Mimi nina miaka ishirini, najiona nusu malaika. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa, pale Nangara. Bibi harusi ndiyo anaingia, vidole vinatembea, umeme ukakatika. Pu. Nikabaki nimeshika kinanda kilichokufa kama mtu aliyebaki na kamba mkononi na ng'ombe ameshakimbia. Bibi harusi akasimama katikati ya njia na maua yake. Kimya kile, Martina, kilikuwa kirefu kuliko shule yote niliyosoma. Mama mmoja nyuma akasema, tena bila kunong'ona, "Ndiyo huyu fundi mliyekuwa mnamsifia?" Mpaka kwaya ikaokoa, ikaimba kavu kavu, bibi harusi akafika mbele. Watu wa Nangara walinikumbusha miaka.

Tangu siku ile niliapa: mahali nilipo mimi, kimya hakiingii. Umeme ukikatika, naimba. Sauti ikikauka, napiga makofi. Emsii akipotea, nataniana na mashangazi wa bwana harusi. Ndivyo nilivyopata jina mji huu, na ndivyo nilivyokufundisha. Usiache pengo, nilikuwa nakuambia, ukiacha pengo watu wataanza kuangalia chakula. Ni sheria nzuri. Imetulisha. Tatizo nilidhani ni sheria ya muziki, kumbe ulikuwa woga wangu wa Nangara, nimeuvalisha suti.

Halafu Mwalimu Yusta akaja kuwafundisha wanakwaya wetu. Akakusikia unajipigia peke yako wenzako wamekwenda kula, akauliza, "Huyu amefundishwa na nani?" Niliinua mkono mpaka shati likachomoka. Akakupa ule wimbo wako wa taratibu, ule usio na maneno, akakuambia ujifunze halafu uje upige kwake Arusha, kwenye piano ya kweli, mbele ya watu wanaokuja kusikiliza tu. Ukajifunza masika yote. Mimi nikipita nakuambia, "Ongeza mwendo, watalala." Hukuongeza. Ningejua hapo hapo kwamba umeshanipita, lakini mimi ni mzito wa kujua vitu kama hivyo.

Tukaenda watatu. Mama yako na gauni lake la kitenge, mimi na suti yangu ya kazi. Nyumba ya mwalimu ina ukumbi mdogo mbele, piano nyeusi imekaa pale kama ng'ombe wa mahari, viti vimepangwa, watu wanaingia wanasalimiana kwa kunong'ona. Nikaingia mimi, "Shikamooni!" Wote wakageuka. Hakuna spika. Hakuna emsii. Hakuna harufu ya pilau. Nikamuuliza mama yako, "Hapa kuna nini, msiba?" Akasema, "Nyamaza."

Ukaingia, ukakaa, ukaanza.

Mwanangu, mimi nilikuwa najua kusikiliza kelele tu. Nilipoona watu wameganda, hakuna anayetikisa kichwa, hakuna kigelegele, hakuna anayeinuka kwenda kukutunza hata na leso, nikasema moyoni, mtoto wangu anadharauliwa. Hawa wamemkataa. Halafu ukafika pale katikati, mahali unapoinua mikono yote miwili na kuacha. Leo najua kwamba ule ukimya umo ndani ya wimbo, uliufanyia mazoezi kama unavyofanyia mazoezi vidole. Siku ile mimi niliona umeme umekatika.

Nikainuka. Lililofuata unalijua, lakini acha niliandike, kwa sababu nimelisimulia mara nyingi kwa kucheka na sijawahi kulisimulia vizuri. Kwenye mkoba wa mama yako kulikuwa na kitenge kipya, kile cha maua ya njano, cha kukutunza ukimaliza. Nikakichomoa. Nikaja mbele nacheza kama tunavyokwenda kumtunza mtu huku kwetu, bega moja moja, kitenge napunga hewani, na kwa kuwa hakukuwa na mwanamke aliyepiga kigelegele nikakipiga mwenyewe, mwanaume mzima na suti. Nikakuvika mabegani. Wewe ulikuwa umeshaanza tena, polepole kabisa, kidole kimoja kimoja, na ncha ya kitenge ikateleza ikaangukia mikono yako ikafunika funguo zote. Ukaacha. Nikawageukia watu, "Jamani, mbona mnamkodolea macho? Mtunzeni mtoto!"

Mmoja akacheka. Halafu wote. Hakikuwa kicheko kibaya, na mimi nilicheka, nikainama kama nimeshinda. Wewe hukucheka. Ulikikunja kile kitenge pembe kwa pembe, vizuri, ukakiweka juu ya piano, ukatoka nje.

Kuna mtu alirekodi. Tuko njiani tunarudi, hatujafika hata Minjingu, video imeshafika Babati. Na mimi badala ya kuona haya nikaifanya mali. Mtu akileta mahindi mashineni, kabla sijapima nimeshatoa simu, "Njoo umwone baba anayempenda mwanawe." Wakaanza kuniita Baba Kitenge. Nikaitika. Nilifikiri tunacheka wote nyumba nzima. Sikuona kwamba kinanda kimefunikwa shuka tangu turudi, na shuka limeshajaa vumbi.

Niligundua tulipopata harusi ya hapa hapa kwetu Maisaka. Nikakuambia, "Jiandae, Jumamosi tuna kazi."

"Mwambie Anko Gidion atafute mtu, baba."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Ahaa, umeshakuwa mtu wa Arusha. Sisi wa turubai tunakunukia vibaya."

Ukaniangalia tu, ukasema, "Baba, ulikuwa umebaki ukurasa mmoja."

Nilikwenda harusini peke yangu, nikapiga vibaya. Hakuna aliyejua, maana mimi napiga vibaya kwa kelele.

Kesho yake nikampigia Mwalimu Yusta. Ulikuwa pale pale unachambua mchicha, macho kwenye mchicha na masikio yote kwangu, lakini ulisikia upande wangu tu. Acha nikupe na upande wa pili. Nikasema, "Shikamoo mwalimu." Akasema, "Marahaba, Baba Martina. Kitenge chako kipo hapa, kimefuliwa." Nikakosa utani, mimi. Nikamuuliza, "Mwalimu, hivi watu wako mbona hawashangilii?" Akasema, "Wanashangilia sana. Ila wanangoja amalize." Nikasema, "Na sasa hakumaliza." Akasema, "Basi aje amalize," hivyo hivyo, kama mtu anayekuambia njoo uchukue sufuria yako. Ndipo akasema kuna chumba kwake, utamsaidia kufundisha watoto wadogo, na kila Jumamosi utapiga mbele ya watu, wawe wengi wawe wachache, mwaka mzima, mpaka uvizoee viti vilivyonyamaza kama ulivyozoea turubai. Na Jumamosi ya kwanza utaanza na wimbo ule ule.

Shuka ukalitoa siku hiyo hiyo. Vumbi lilinipiga usoni, nikapiga chafya, ukacheka. Nilikuwa sijasikia hicho kicheko muda.

Mimi nami nikataka kujifunza. Unakumbuka ile Jumapili baada ya ibada, umenikalisha kwenye kiti cha plastiki. "Baba, sheria ni moja. Usiseme kitu mpaka nitoe mikono niiweke mapajani."

"Haya."

"Umeshasema."

"Si hujaanza?"

"Baba!"

Ukaanza. Mguu wangu ukaanza kugonga wenyewe, nikaukanyaga kwa mwenzake. Nikaanza kuguna, nikauma midomo. Halafu nikatulia kweli, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia masika yote nikipita na ndoo, mkono wa kushoto unashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anaitafuta kila ngazi kwa kidole cha mguu. Nikasema moyoni, kumbe. Na hapo hapo nikalala. Nilikuwa nimetoka harusini alfajiri. Nililala kabisa, mdomo wazi. Nilipoamka kinanda kimefunikwa, na miguuni umeniwekea kanga ya mama yako.

Nikasema, "Imekuwa nzuri sana."

Ukasema, "Asante, baba," ukachukua ndoo ukaenda bombani. Hukuninunia. Ungeninunia ingekuwa afadhali.

Kwa hiyo niangalie mimi nilivyo. Mara ya kwanza nilikukatiza, mara ya pili nilisinzia. Wimbo mmoja, wa mtoto wangu mwenyewe, na sijui unaishaje. Mtu anayejisifu mji mzima kwamba yeye ndiye aliyekufundisha! Ndiyo maana jana uliposema nisije, maneno yaliyokuja yalikuwa ya mtu anayeporwa. Nilitaka kusema nimekulea, nimekubeba na spika kichwani, nina haki ya kiti. Na kiti cha mbele.

Leo nimeshinda mashineni, na mashine ikiwaka huwezi kuongea na mtu, kwa hiyo ndiyo nafasi yangu pekee ya kufikiri. Nimefikiri mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Haya ndiyo niliyotoka nayo, uyachukue au uyaache.

Hutazoea haraka. Mimi nimepiga harusi nyingi kuliko ndevu zangu, na mpaka leo, bibi harusi akikaribia mlango, naangalia ile taa ndogo nyekundu ya kinanda kama bado inawaka. Watu wanadhani naangalia nyimbo. Woga hauishi, unajua tu utauweka wapi ukae wakati unafanya kazi. Wangu nimeuweka kwenye mdomo, unanisikia navyoropoka. Wewe usiuweke huko. Wewe una mikono.

Ukikosea, usikunje uso. Nimekosea mbele ya wachungaji, mbele ya mkuu wa wilaya, mbele ya mkwe wangu, na wote wakasifia, kwa sababu uso wangu ulikuwa unasema nimekusudia. Hili ni moja ya machache ninayoyajua vizuri kuliko Mwalimu Yusta. Mwambie nimesema.

Halafu watu. Wapo watakaokuja Jumamosi ya mvua, mtu na mwenzake, viti vingine vyote vitupu. Wapigie. Mimi nilipopata jina nilianza kuchagua. Ukumbi ukijaa, nipo. Msiba wa watu wasio na kitu, wanaokaa chini kwenye mkeka, natuma mtu, nasema nimebanwa. Kwenye kumbi zilizojaa nilijifunza kupendwa, lakini kupiga sikusogea. Ndiyo maana mpaka leo najua ufunguo mmoja tu wa muziki, ukitakiwa mwingine wowote nabonyeza kile kitufe kinachoupandisha na kuushusha wimbo, nasonga mbele. Wewe ulipofika darasa la saba ukawa unapiga funguo zote kwa vidole, bila kitufe. Nikakuambia unajionyesha. Haikuwa hivyo. Nilikuwa naona nimeachwa nyuma, na aliyeniacha bado ananiomba hela ya daftari.

Na wale walionyamaza. Tukiwa ndani ya basi siku ile tunarudi, wewe umegeukia dirishani, mama yako aliniambia kitu na mimi sikumsikiliza, nilikuwa naangalia video. Alisema mbele yake alikaa dada mmoja anatafuna bablishi tangu alipoingia, anatafuna kwa sauti mpaka mama yako akataka kumgusa bega. Ulipoanza kupiga, akaacha. Bablishi imesimama shavuni, shavu limevimba, hatafuni, hatemi. Mpaka nilipoinuka mimi na kitenge. Nimemwomba mama yako leo mchana anisimulie tena, akanisimulia, nikamwambia kumbe walikuwa wanamsikiliza. Akasema, "Sasa ulidhani wanafanya nini?" Unamjua mama yako.

Basi, jibu.

Jumamosi sitakuja. Sijanuna. Nimenuna kidogo, mimi ni binadamu, lakini hiyo itaisha nikila. Nitakuwa kwenye harusi na Gidion, nitapiga kelele zangu, na nitajitahidi nisiwatangazie watu kwamba muda ule ule mwanangu yuko Arusha kwenye piano. Sitaahidi hilo. Siku utakayotaka nije, sema. Usiniite kwa kunionea huruma, wala kwa sababu mama yako amekupigia simu. Niite siku ambayo mimi nikiwa nimekaa pale, wewe hutakuwa unanisikilizia. Kama siku hiyo iko mbali, iwe mbali. Nitauliza mara moja moja, kwa utani, unajua nilivyo. Usijibu.

Ngoja. Umerudi. Nasikia "Shikamoo mama" mlango wa mbele, na kitu kizito kimetua chini. Mahindi, nilisema. Mama yako anakuambia mimi nimekwenda kwa Gidion. Anajua niko hapa, aliniletea maji sasa hivi. Na wewe unauliza, "Atachelewa?" naye anasema, "Atachelewa."

Unavuta kiti. Umewasha kinanda.

Naacha kuandika, kalamu nayo ina kelele.

Haya. Nimerudi.

Nimesikia. Nimekaa huku kwenye gogo, kati yetu ukuta wa tofali moja na dirisha la jikoni. Ulipofika pale katikati ukaacha, nilishika gogo kwa mikono miwili. Bodaboda ikapita barabarani. Jirani akaita mbwa. Kilikuwa kirefu, Martina, ni kirefu kweli, usikifupishe kwa ajili ya mtu yeyote. Kigelegele kilinifika hapa kooni, nikakimeza kama dawa. Halafu ukaanza tena, kidole kimoja kimoja, ule upande ambao nilikuwa sijawahi kuusikia.

Kumbe unaisha hivyo. Mimi nilikuwa nangoja kishindo, mimi ningeweka kishindo, na ngoma, na Gidion. Unaisha kama mtu anayerudishia mlango asimwamshe mtoto. Na baada ya pale hukuinuka. Nimesubiri uinuke, hukuinuka, mama yako naye huko ndani hakugusa hata sufuria, na mimi huku nje nikakaa na uchovu wangu, sikutaka mtu aseme kitu. Mimi. Sikutaka mtu aseme kitu.

Sasa nimeusikia wote. Usinitafute kwa macho Jumamosi, wala usihuzunike kwamba kiti changu kina mtu mwingine. Changu nimeshapata. Nenda ukawamalizie wao ule ukurasa.

Nitapitia mlango wa mbele sasa, nitapiga hodi kwa nguvu kama mtu aliyetoka kwa Gidion, nitakuuliza umerudi saa ngapi, nawe utaniambia. Tutakula.

Ila karibu na mwisho pale, mkono wa kushoto ulikimbia kidogo. Watu wa Arusha hawatajua. Mimi nimejua.

Ni mimi baba yako, wa Maisaka, nusu fundi.